Ukihariri, anza na kitenzi

Ukinipa maandishi yako leo, iwe ni hadithi, barua ya chama, tanzia au ile ripoti ya mradi inayotakiwa kabla ya Ijumaa, kitu cha kwanza ntakachotafuta si makosa ya tahajia wala nukta wala koma, ntatafuta vitenzi. Ntapita sentensi moja moja nikiuliza nani kafanya nini, na pale jibu lisipopatikana haraka ndo kalamu inaposimama. Wengi wanaoniletea kazi zao hapa Mombasa hutarajia niwanyooshee herufi tu, wananambia we pitisha macho, mambo madogo madogo, na mi huwajibu kwamba mambo madogo yatangoja, manake hakuna faida kutafuta herufi iliyopotea ndani ya sentensi ambayo kesho utaifuta yote.

Naandika haya kwa wale wanaoandika Kiswahili kila siku bila kuwa wamesomea uandishi: vijana wa Kisauni na Majengo wenye hadithi ndefu kwenye simu, makatibu wa vyama, walimu wa madrasa wanaoandika hotuba, mtu aliyeambiwa na familia yake we ndo umesoma, andika. Na nayaandika kwa sababu naumia. Nakutana na mtu ambaye ukikaa naye kibarazani anakusimulia kitu mpaka kahawa inapoa mkononi, hutaki anyamaze, halafu mtu yuleyule akishika kalamu anageuka karani wa ofisi, anaanza "napenda kuchukua fursa hii", na ile sauti yake tuliyoijua haipo tena. Sauti hiyo haijafa, imefunikwa, na kuhariri kwa sehemu kubwa ni kuifunua.

Kwa nini kitenzi? Kwa sababu Kiswahili kimeweka karibu kila kitu hapo. Chukua "atakununulia". Neno moja, na ndani yake kuna anayenunua, kuna wakati, kuna wewe unayenunuliwa, na kuna ile habari kwamba jambo linafanywa kwa ajili yako. Chukua "hawakutusomesha". Humo mna watu, kuna sisi, kuna kukataa, wakati uliopita, na kuna mtu aliyepaswa kumfanya mwingine asome. Anayeandika lugha ya namna hii halafu akavimwaga vitu vyote hivo nje ya kitenzi, akaanza kuviunga kwa "ambaye" na "kwa ajili ya" na "kuweza", anajitesa mwenyewe na anamtesa msomaji.

Hebu tuchukue mfano. Aya hii nimeitunga kutokana na mambo ninayoyaona kila mara, si ya mtu yeyote:

"Ilikuwa ni siku ya Jumatatu asubuhi ambapo nilikuwa niko katika eneo la feri ya Likoni. Kulikuwa na idadi kubwa sana ya watu ambao walikuwa wanasubiri kuweza kuvuka. Kulikuwa na mama mmoja ambaye alikuwa amembeba mtoto mgongoni ambaye alikuwa analia. Mama huyo alifanya jaribio la kumnyamazisha mtoto huyo lakini hakuweza kufanikiwa. Baada ya hapo geti lilifunguliwa na watu walianza kukimbia na mama huyo alianguka chini na mtoto wake alianguka pia na watu walikuwa na hisia za mshtuko."

Hakuna kosa la tahajia hapo. Ngeli ziko sawa. Mwalimu wa shule angeweka tiki. Lakini hakuna mtu wa Mombasa, wala wa Tanga, wala wa Unguja, atakayekusimulia tukio la feri namna hiyo kwa mdomo wake, na mama ameanguka na mtoto mgongoni lakini mi msomaji sijashtuka. Sasa soma hii:

"Jumatatu asubuhi, feri ya Likoni, watu walikuwa wamejaa pomoni wakisubiri kuvuka. Mama mmoja alikuwa na mtoto mgongoni, mtoto analia. Akambembeleza, hanyamazi. Geti likafunguliwa, watu wakatimka mbio, mama akaanguka na mwanawe. Kila aliyekuwa karibu akapiga ukemi."

Zaidi ya nusu ya maneno yameondoka na hakuna habari iliyopotea. "Alifanya jaribio la kumnyamazisha" imekuwa "akambembeleza", na kubembeleza kunakuonyesha mkono wa mama ukipapasa mgongo wa mtoto, wakati jaribio halikuonyeshi kitu. "Chini" imetoka kwa sababu mtu haanguki juu. "Hisia za mshtuko" zimetoka kwa sababu hisia hazionekani wala hazisikiki ukiwa umesimama pale ng'ambo, lakini ukemi unasikika. Na "hanyamazi" nimeiacha hivo, ingawa wako watakaokwambia simulizi ni ya wakati uliopita kwa hivyo andika "asinyamaze". Zote mbili ni Kiswahili kizuri. Mi nimechagua ile inayotoka mdomoni, kwa sababu hapo msimulizi kasimama palepale anatazama, na msomaji anasimama naye.

Kitu kikubwa kilichofanya kazi kwenye aya hiyo ya pili ni -ka-. Hii silabi ndogo ndiyo injini ya simulizi ya Kiswahili na sijui kwa nini waandishi wengi wa siku hizi wameiogopa, labda ni kule kusoma sana habari zilizotafsiriwa kutoka Kiingereza, maana huko kila kitenzi kinarudia wakati uliopita na kinaungwa na "na". Alienda sokoni na alinunua samaki na alirudi nyumbani na alipika. Sisi tunasema alienda sokoni, akanunua samaki, akarudi nyumbani, akapika. Ile -li- ya kwanza ikishakuweka kwenye wakati, -ka- zinafuata zenyewe, kila moja ikimwambia msomaji kwamba hili limekuja baada ya lile. Angalia lakini, -ka- ni ya matukio yanayofuatana, usiitie kwenye maelezo ya mandhari. Ukiandika "nyumba ikawa na madirisha mawili" umesema nyumba imebadilika, kwamba mwanzo haikuwa nayo, na hukukusudia hivo. Mandhari mpe -li-, au -na-, au hata usimpe kitenzi, kama pale juu, "Jumatatu asubuhi, feri ya Likoni", basi imetosha.

Na ndugu yake -ki- pia amesahaulika. "Wakati ambapo alikuwa anatembea ufuoni aliona chombo" inakuwa "akitembea ufuoni aliona chombo". Kwa mambo ya kila siku kuna hu-, "wazee hukaa barazani baada ya alasiri", hakuna haja ya "huwa wanakuwa wanakaa".

Sasa tuje kwa "ambaye", manake najua nimelisema kwa ukali na kuna wanaotoka hapo wakidhani ni dhambi. Si dhambi. Kuna mahali pake. Kirejeshi kile kifupi, ile -ye- ya ndani ya kitenzi, kinakaa vizuri kwenye -li-, -na- na -taka-: mgeni aliyefika, anayefika, atakayefika. Na kwenye kukanusha kuna "asiyefika". Lakini ukiwa na -me- hakiingii, huwezi kusema mgeni "ameyefika", hapo lazima useme "mgeni ambaye amefika", na kwa "kitabu ambacho hakijasomwa" ni vivyo hivyo. Pia kuna wakati sentensi ni ndefu na unataka msomaji apumue kabla hujaendelea kumweleza huyo mtu, "ambaye" inampa nafasi hiyo. Ninachokataa ni "amba-" tatu ndani ya mistari miwili, kama pale kwenye feri. Na mara nyingi dawa yake si hata kile kifupi, dawa ni kukata sentensi mbili. "Mama mmoja ambaye alikuwa amembeba mtoto ambaye alikuwa analia": mama ana mtoto, nukta, mtoto analia, nukta.

Kuna mnyambuliko pia, na hapa ndo utajiri wenyewe ulipo, ntakaa kidogo. Kiswahili kinakuruhusu kuchukua kitenzi kimoja na kukizalisha: funga, fungia, fungisha, fungika, fungana, fungwa, fungua. Kila tawi linakuondolea rundo la maneno mengine. "Alinunua kanga kwa ajili ya mamake" ni "alimnunulia mamake kanga". "Alisababisha mtoto kulia" ni "alimliza mtoto". "Walikuwa wakifanya kazi pamoja kwa ushirikiano" ni "walishirikiana". "Mlango huu hauwezi kufunguliwa" mara nyingi ni "mlango huu haufunguki", na hizo mbili hazifanani hata, ya kwanza inanifanya niulize nani kakataza, ya pili inanambia komeo ina kutu. Kwa hivyo unapohariri, kila ukiona "kwa ajili ya", "kusababisha", "kwa kutumia", "kufanya ... kuwa", simama ujiulize kama kuna tawi la kitenzi linalosema hilohilo. Mara nyingi lipo. Si kila mara, na usilazimishe mpaka upate neno ambalo hujawahi kulisikia mtaani, lakini mara nyingi lipo.

Waandishi wa ripoti mnanisamehe, ila ugonjwa mkubwa kabisa uko kwenu. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiingereza, nayo ni jambo la kushukuriwa, na tangu hapo makaratasi ya ofisi kwa Kiswahili yameongezeka. Shida ni kwamba mengi huandikwa kwanza kichwani kwa Kiingereza halafu yakateremshwa neno kwa neno. Matokeo yake vitenzi vinageuzwa majina, halafu jina linatafutiwa kitenzi kibovu cha kulibeba, ambacho karibu kila mara ni "fanya", "toa" au "kuwa na". Kutoa msaada badala ya kusaidia, kufanya ukaguzi badala ya kukagua, kufanya malipo badala ya kulipa, kutoa shukrani badala ya kushukuru. "Kuwa na uwezo wa kufanya utekelezaji wa mradi", wallahi nimeisoma hiyo, na maana yake ni kuutekeleza mradi.

Mtu atauliza kuna ubaya gani, si inaeleweka? Inaeleweka, lakini angalia kinachotokea kwa mwenye kutenda. Ukisema "kamati ilikagua visima" kamati iko pale, imesimama kisimani. Ukisema "ukaguzi wa visima ulifanyika" kamati imetoweka, hujui nani alikwenda, hujui kama alikwenda mtu. Ukiongeza "na hatua stahiki zitachukuliwa", basi hapo hakuna mtu kabisa kwenye ukurasa, ni majina ya vitendo yanaelea. Na mwananchi wa Likoni au Changamwe anayesoma karatasi hiyo anataka kujua kitu kimoja: nani atafanya nini, lini. Kuficha mtendaji kwa lugha kunaanza kama mazoea ya kuandika kisha kunakuwa mazoea ya kutowajibika, ndo maana naona jambo hili si la urembo wa maneno tu.

Lakini tena, usikimbie kila -wa ya kutendwa. "Kaibiwa simu" ni sentensi kamili na nzuri, mwizi hatumjui na aliyeumia ndiye tunayemjali. Na kwa wenye kuchanganya: mtendaji huja na "na", chombo huja na "kwa". Alipigwa na askari kwa rungu.

Sasa sikio. Mombasa hii ni mji wa washairi, na washairi walihariri kabla sisi hatujajua kuhariri ni nini. Muyaka bin Haji aliishi hapa mwishoni mwa karne ya 18 na nusu ya kwanza ya karne ya 19, enzi za Mazrui waliotawala Mombasa kuvutana na Mabusaidi, masultani wa Oman na Zanzibar, na mashairi yake hayakukaa kwenye karatasi, yalikaa vinywani mwa watu, mpaka baadaye karne hiyohiyo ikielekea kwisha ndo Mwalimu Sikujua alipoyakusanya na kuyaandika akiwa na mmisionari W. E. Taylor. Fikiria hilo. Mtunzi kafa, hakuna kitabu, na watu wangali wanayasema. Neno lililokuwa zito mdomoni lisingefika. Na shairi la kawaida lenyewe lina mishororo minne, kila mshororo mizani 16, yaani silabi, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho, kwa hivyo mtunzi akiwa na mizani 17 lazima kitu kitoke, hana ruhusa ya kuacha "kwamba" kwa sababu kaipenda. Mi nawashauri hata waandishi wa nathari wajaribu kutunga ubeti mmoja mmoja, wasiuonyeshe mtu, ni kwa ajili ya kuzoeza mkono kutupa.

Kwa nathari hatuhesabu mizani, lakini tunasoma kwa sauti, na hapa hakuna mkato. Kusoma kimoyomoyo hakutoshi kwa sababu macho yako yanajua ulichotaka kusema, yanaruka. Mi najisomea kwa sauti kwenye WhatsApp, najirekodi, halafu nasikiliza nikiwa kwenye matatu ama nimesimama foleni, na nasikiliza kama mtu aliyetumiwa. Pale nilipokwama kusoma, pale pumzi ilipokatika, pale nilipoongeza neno ambalo halikuandikwa kwa sababu mdomo umelitaka, hapo ndo pa kuhariri. Ukiwa na mtu mzima nyumbani ambaye si mwandishi, msomee yeye. Shangazi yangu hajui neno nahau wala kishazi, lakini akisema "hapo rudia tena mwanangu" mi naijua sentensi hiyo imekufa, sihitaji maelezo mengine.

Hilo linaleta jambo ambalo watu wa pwani huniuliza sana, ni la lahaja. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika hapahapa Mombasa uliamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, si Kimvita chetu cha hapa Mombasa, na 1930 ikaanza kazi kamati ya lugha kwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kwa hivyo mtu wa Kibokoni akiandika, kila siku kuna ndia na njia, mato na macho, ndoo na njoo, na kuna wahariri wanaofuta za kwanza kama makosa. Si makosa. Ni lugha iliyobeba tungo zetu zote kongwe. Ninavofanya mi ni hivi: simulizi naiandika kwa sanifu, ili msomaji wa Kisumu na wa Dodoma tuwe naye, na mazungumzo nawaachia watu waseme wanavosema. Mtoto akiuliza "Yuwapi nyanya?" ajibiwe "Yuwaja", na usiweke maelezo pembeni, usimgeuze bibi wa Mji wa Kale aseme "Anakuja hivi karibuni". Kama neno ni gumu kwa mgeni, fanya kazi kwenye sentensi inayofuata, mwonyeshe huyo anayekuja akipiga kona na kikapu chake, msomaji ataelewa mwenyewe. Na uwe na msimamo mmoja, usiandike "ndia" ukurasa wa pili kisha msimulizi yuleyule akasema "njia" ukurasa wa tano bila sababu.

Mambo ya tahajia ntayapita mbio. Simu ukiwa hujaiambia unaandika Kiswahili itakugeuzia maneno kila dakika, kwa hivyo zima masahihisho ya kibodi ama weka kibodi ya Kiswahili, Gboard inayo. Viambishi haviachwi peke yake: "aliyekuja" ni neno moja, si "aliye kuja", na "wanasema" si "wana sema", "wana" ikisimama peke yake ina maana nyingine kabisa. Kwa upande mwingine "kwa sababu", "kwa hivyo", "na kadhalika" ni maneno mbalimbali. Thamani si dhamani, dhidi si zidi. Programu ya kukagua tahajia inaweza kukukamatia baadhi ya hayo, lakini ngeli huwa haikukamatii, na ngeli huvunjika pale hasa unapohariri. Umeandika "kitabu kile kilichonivutia", kisha ukaona neno zuri zaidi ni hadithi, ukabadilisha jina ukasahau mkia, ikabaki "hadithi kile kilichonivutia". Kila neno hapo liko kwenye kamusi, mashine haina la kusema. Kwa hivyo baada ya kubadilisha majina, pita mara nyingine kwa ajili ya ngeli tu, shika jina kwa kidole ufuate kila kinachoambatana nalo mpaka nukta.

Halafu mianzo. Nikiona "Wahenga walinena" kwenye mstari wa kwanza, nafuta, hata kama methali yenyewe ni nzuri. Methali inapendeza ikitoka kwa mtu aliyeifikia, mwishoni mwa ugomvi, mdomoni mwa mzee, si mlangoni. Aya ya kwanza nzima mara nyingi hutoka, mwandishi alikuwa akijipasha moto tu, stori inaanzia aya ya pili. Na "sana", "kabisa", "mno", punguza, lugha yetu ina njia tamu zaidi: mweusi tititi, mwekundu pyu, kulala fofofo, kulowa chapachapa, kimya jii. Moja kwa ukurasa, zikizidi nazo zinachosha.

Nimalizie na kuhariri kazi ya mwenzako, manake hapo watu hukosana.

Niliwahi kuletewa tanzia na mzee mmoja aliyefiwa na nduguye. Karatasi imekunjwa mara nne, mwandiko mzuri wa zamani. Kaandika marehemu alikuwa mtu wa watu, mcheshi, mkarimu, mpenda maendeleo, mcha Mungu. Yote kweli, na yote yangeweza kusemwa juu ya maiti yeyote wa mji huu. Sasa mtu kama huyo humwambii "hapa hamna kitu". Kwanza ni mzee wangu, pili kafiwa. Nikaweka karatasi mezani, nikamuuliza, "Mzee wangu, hapa pa ukarimu, alikuwa akifanyaje?" Akanyamaza. Kisha akanambia kila Ijumaa baada ya swala nduguye alikuwa akipita kununua mabuyu, anayatia mfuko wa kanzu, na watoto wa mtaa walimjua, wakiiona kanzu nyeupe inatokeza kwenye kichochoro wanamkimbilia, na yeye anajifanya hana kitu mpaka wamshike mfuko. Nikamwomba aandike hilo, vilevile alivolisema. Aliandika palepale. Lile neno mkarimu tukaliondoa, na halikuhitajika tena, na mcheshi nalo likaondoka bila mtu kuligusa.

Kwa hivyo unapohariri kazi ya mtu, uliza kabla ya kufuta. Nani alisema hivi? Alikuwa amevaa nini? Ulijuaje kakasirika? Majibu yanayokuja ndiyo maandishi yenyewe, na yanakuja na vitenzi vyake. Kwa kijana unaweza kusema moja kwa moja, "hii aya toa", atavumilia, na ukimweleza sababu atashukuru. Kwa mkubwa wako sema "hapa nilipotea kidogo, nielekeze". Si unafiki, ni kweli umepotea, ndo maana umesimama. Na akikataa mabadiliko yako, mwachie. Jina lililo juu ni lake, si lako, we umeshauri.

Isipokuwa saa. Hapo simwachii mtu. Siku hizi kadi za harusi na matangazo ya mikutano yanatafsiriwa haraka kutoka Kiingereza, unakuta "saa 8 asubuhi", na saa nane asubuhi haipo, nane ni mchana au ni usiku. Nusu ya wageni watakuja saa mbili, nusu watakuja wali umeshakwisha. Ukiona saa kwenye karatasi yoyote, igeuze kwa saa zetu, iandike kwa tarakimu na kwa neno, saa 2 (mbili) asubuhi, kisha mpigie simu mwenye shughuli umsomee, akubali kwa mdomo wake kabla haijapelekwa kuchapwa.